Jiwe Linalokunywa Maji

Ernesta Nkunzimana alikuwa na mikono inayojua uzito. Kabla hajaingia kwenye kazi ya mawe alifanya miaka sita kwenye ghala la chakula la kambi ya wakimbizi ya Mtabila, akiwapimia watu unga na maharage, na ilifika mahali akawa ananyanyua mfuko tu na kusema, "Huu umepungua nusu kilo," kisha mzani ukaja kumuunga mkono. Kambi ilipofungwa alirudi kwao Titye, akalima, akasomesha watoto. Halafu ukaja mradi wa chuma kwenye kilima cha Nyamirunga, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Kasulu mjini, na wenye mradi wakatafuta wanawake wanne wa kupanga sampuli. Ernesta akaenda, akachukuliwa siku hiyohiyo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtambo wa kuchoronga ulitoboa kilima kwenda chini, mita mia, mita mia na hamsini, na kila uliposhuka ulipandisha vigogo vya mwamba, vya mviringo, vyeusi vyenye wekundu wa kutu, vinene kama mchi wa kinu cha vitunguu saumu. Ernesta na wenzake walivipokea, wakaviosha, wakavipanga kwenye masanduku ya bati kwa mpangilio uleule viliokuwa nao ardhini, wakaandika namba ya shimo na kina chake. Kisha waliyabeba masanduku wawiliwawili mpaka bandani kwa Shamsi.

Shamsi alikuwa mjiolojia wa mradi, kijana wa miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Tanga, ambaye mjomba wake ana duka la vitenge pale Kasulu. Kila asubuhi aliwaamkia wanawake wale "Shikamooni mama zangu" kabla hajagusa kompyuta, na kwa sababu hiyo walimsamehe mambo mengi, likiwamo la kuweka sukari vijiko vitano kwenye kikombe kimoja cha chai. Kazi yake kubwa ilikuwa kujibu swali moja ambalo mkurugenzi wa kampuni, aliyekaa Dar es Salaam, aliliuliza kila Ijumaa kwa simu: ndani ya kilima hiki kuna tani ngapi za madini ya chuma?

"Si uchawi, mama," alimweleza Ernesta siku moja. "Mashimo yanatuonyesha mwamba umeanzia wapi na umeishia wapi, kwa hiyo tunajua ukubwa wake. Halafu tunapima mita moja ya ujazo ina uzito gani. Tunazidisha. Basi, tani zako hizo hapo."

"Na kama uzito umekosewa?"

"Basi kila kitu kimekosewa," Shamsi alicheka. "Ndiyo maana napima mwenyewe."

Mwezi wa tano mashimo yote thelathini na nane yalikuwa yamekamilika na jibu likapatikana: tani milioni thelathini na sita. Mkurugenzi alishangilia kwenye simu mpaka Shamsi akaiweka mbali na sikio. Mbuzi wawili wakachinjwa, ukapikwa wali, na dereva wa mradi, Venanti, akacheza ngoma peke yake katikati ya uwanja akiwa bado na funguo za gari mkononi. Lililobaki lilikuwa moja tu. Dakta Longinus, mtaalamu wa kujitegemea, angefika Alhamisi ya wiki inayofuata kuikagua hesabu. Bila saini yake hakuna mwekezaji ambaye angeiamini.

Kwa ajili ya mgeni huyo ikaamriwa masanduku yote yatolewe stoo na kutandazwa kwenye meza ndefu, ya upande wa magharibi wa kilima na ya upande wa mashariki, pamoja. Na hapo ndipo jambo lilipoanzia. Upande wa magharibi ulichorongwa wakati wa kiangazi na wa mashariki wakati wa masika, kwa hiyo Ernesta hakuwahi kubeba masanduku ya pande zote mbili siku moja. Jumamosi ile aliyabeba. Alishika pembe ya sanduku la shimo namba saba, la magharibi, na mgongo ukamwambia hili ni chuma kweli. Akarudi, akashika sanduku la shimo namba ishirini na mbili, la mashariki. Urefu uleule, limejaa vilevile, rangi ileile. Likanyanyuka kirahisi mno, nusura limpige kidevuni.

"Umekula nini leo?" mwenzake aliyeshika upande wa pili akamuuliza.

Ernesta alilitua. Alibeba jingine la mashariki, na jingine, na jingine. Yote mepesi. Akarudia ya magharibi. Yote mazito.

Jioni, gari lilipokuwa likiwarudisha vijijini, alimnong'oneza Venanti, maana walikuwa watu wa kijiji kimoja na waliongea Kiha.

"Nyamaza," Venanti akamwambia bila kuondoa macho barabarani. "Hapa tuko watu sitini tunaopata riziki. Unataka wewe na kiuno chako mpunguze kilima?"

Maneno yale yalimwingia. Jumapili nzima, kanisani hadi nyumbani, aliyageuzageuza kichwani. Sitini si watu wachache. Yeye mwenyewe alikuwa na binti kidato cha tano. Lakini kila alipojisemesha kwamba huenda amekosea, mikono yake ilikataa. Na kulikuwa na jingine: siku moja kilima kingechimbwa, malori yangejazwa, na mizani ya bandarini isingeweza kunyamazishwa na Venanti. Aibu ingekuja tu, ila ingekuta wamekwisha kujenga reli ya kubebea chuma kisichokuwepo.

Jumatatu asubuhi, baada ya "Marahaba mwanangu," alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mbele ya meza ya Shamsi.

"Mwanangu, mawe ya mashariki ni mepesi."

Shamsi alitabasamu. "Nimeyapima, mama. Yako sawa na ya magharibi. Tani nne nukta moja kwa mita, huku na huku."

"Nyanyua."

"Mama, mkono hauwezi kushindana na..."

"Nyanyua, nimesema."

Akanyanyua kigogo kimoja mkono wa kulia, kingine wa kushoto, urefu sawa. Akavibadilisha mikono. Tabasamu likapungua kidogo, lakini kiburi cha elimu kikabaki mahali pake. "Sawa, nitakupimia mbele yako, roho yako itulie."

Akachukua kigogo cha mashariki, akakiweka kwenye mzani, akaandika. Kisha akakifunga kwa uzi, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji kikiwa kinaning'inia chini ya mzani, ili aone kimepungua uzito kiasi gani ndani ya maji. Tofauti hiyo ndiyo inayomwambia mjiolojia ukubwa wa jiwe. Akaandika tena, akaanza kubonyeza kikokotoo.

Ernesta alikuwa ameinamia ndoo. Kutoka kwenye jiwe yalikuwa yakipanda mapovu madogomadogo, mfululizo, kama uji unaoanza kuchemka.

"Mawe!" akapaza sauti.

"Ndiyo, ni mawe," Shamsi akajibu, bado anabonyeza.

"Si mawe ya Kiswahili! Mawe ya kwetu, yaani mama yangu! Njoo uone, mwanangu. Hili jiwe linakunywa maji."

Shamsi akageuka. Aliyatazama mapovu kwa muda mrefu. Akalitoa jiwe, akalifuta vizuri kwa kitambaa, akalirudisha kwenye mzani. Lilikuwa zito kuliko lilivyokuwa kavu. Akakaa chini sakafuni, palepale, na suruali yake safi.

"Lina matundu," alisema taratibu. "Matundu madogo ambayo jicho halioni. Maji yanaingia ndani, kwa hiyo mzani unaliona jiwe ni dogo kuliko lilivyo. Ukiliona dogo, unalihesabia uzito wa bure." Akashika kichwa. "Nimepima mawe mia mbili kwa namna hii. Ya magharibi hayana shida, ni magumu, hayanywi. Lakini mashariki yote..."

"Utafanyaje?"

"Inatakiwa kila kipande kipakwe nta kabla ya kuzamishwa, maji yasiingie. Chuoni tulifundishwa. Nikasema mwamba huu ni mgumu, hakuna haja." Akacheka kicheko kisicho na furaha. "Nta ya maabara inatoka Dar. Haiwezi kufika kabla ya Alhamisi."

Ernesta akamtazama kama anavyotazamwa mtu anayelalamikia kiu huku kasimama mtoni.

"Nta? Wewe unaishi Kigoma, nchi ya nyuki, unaagiza nta Dar?"

Kesho yake alfajiri walikuwa njiani kwenda Kibondo, Venanti kwenye usukani, amenuna. Alikuwa ameambiwa kila kitu na hakukipenda. Lakini barabara ilikuwa na lami mpya, asubuhi ilikuwa nzuri, ukungu ulikuwa umelala mabondeni, na walipofika nusu ya safari akasahau kununa na kuanza kuwaeleza habari za shemeji yake aliyeoa mara tatu mwanamke yuleyule.

Kibondo mjini walikwenda moja kwa moja dukani kwa Bi Kuruthumu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukaribisha, anayenunua asali kutoka kwa warina wa misituni na kuipeleka mpaka Dodoma. Nta alikuwa nayo, mabonge ya manjano yamepangwa nyuma ya madumu kama vichwa vya kabichi.

"Ya mishumaa?" aliuliza.

"Ya kupaka mawe," Shamsi akasema.

Bi Kuruthumu akamtazama, akamtazama Ernesta, akarudi kwa Shamsi. "Mwanangu, wewe ni mtoto wa nani?"

Shamsi akamtaja mjomba wake wa Kasulu. Ikabidi wakae, wanywe chai, wamweleze kisa chote tangu mwanzo, na walipofika kwenye mapovu mama yule alicheka hadi machozi yakamtoka. Aliwapa bonge moja la ziada. "Hilo ni la huyu mama mwenye mikono," alisema. "Na hiyo hesabu ikitoka, mniambie. Nataka kujua nta yangu imepata tani ngapi."

Jumatano banda la sampuli liligeuka jikoni. Wanawake wote wanne waliletwa. Mmoja alikoka mkaa, mmoja alikaa na sufuria ya nta, wa tatu alikausha mawe. Ernesta alichovya. Ilitaka mkono mwepesi: nta ikiwa ya moto sana inapenya ndani ya jiwe, ikiwa ya baridi inaganda mabongemabonge. Akalipata joto lake kwa kipande cha tatu. Shamsi alipima kila jiwe likiwa kavu, likiwa na nta, likiwa ndani ya maji, akatoa uzito wa nta, akaandika. Hakuna povu hata moja lililopanda. Hata Venanti, aliyekuja kuchungulia, alijikuta amekabidhiwa kalamu na kuambiwa aandike namba.

Kufika saa kumi jioni walikuwa wamepima vipande themanini. Shamsi aliingiza namba kwenye kompyuta, na wote wakasimama nyuma yake.

"Mashariki si nne nukta moja," alisema. "Ni tatu nukta mbili." Vidole vikacheza. "Jumla ya kilima... milioni thelathini na mbili."

Milioni nne zilikuwa zimeondoka hivihivi. Venanti aliweka kalamu mezani polepole sana.

"Mpigie mkurugenzi," Ernesta alisema.

"Nisubiri Dakta Longinus aje kwanza?"

"Mpigie wewe kabla hajapigiwa na mwingine."

Shamsi alipiga, akaweka simu juu ya meza ili wote wasikie, na sauti ya mkurugenzi ikajaa bandani. Kwanza ilikuwa ya kirafiki. Kisha ikauliza, kwa upole wa kutisha, ni nani aliyegundua.

"Niliyekosea ni mimi, mkurugenzi. Aliyegundua ni Mama Ernesta wa sampuli. Kwa mikono."

"Kwa nini?"

"Kwa mikono, mkurugenzi. Alibeba masanduku."

Simu ikakatika. Haikujulikana ni mtandao au ni hasira, na usiku ule watu sitini walilala kila mmoja na tafsiri yake.

Alhamisi saa nne asubuhi gari jeupe la Dakta Longinus lilipanda kilima. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye suti ya kijivu na buti za mgodini, na alikuwa na sifa ya kutokucheka. Wote walikuwa wamejipanga. Kitu kimoja hakikufikiriwa. Tangu jana banda zima lilinuka nta, na nyuki wa msitu wa Nyamirunga walikuwa wamepata habari. Dakta alipofungua mlango wa gari, wingu dogo lilikuwa likizunguka mlangoni mwa banda likiimba. Akaweka mguu mmoja chini. Nyuki mmoja akatua kwenye tai yake. Dakta akarudisha mguu ndani na kufunga mlango.

"Nini hiki?" aliuliza kupitia upenyo wa kioo, upana wa vidole viwili.

"Wamefuata nta, Dakta, na nta imekuja kwa sababu ya uzito uliopungua," Shamsi akasema, na kwa sababu hakuna njia nyingine akaanza kutoa ripoti yake pale nje, akiwa ameinamia kioo, huku Ernesta akiondoa sufuria ya nta, akiifunika kwa gunia na kufukiza majani mabichi mlangoni. Nyuki walichukua nusu saa kuondoka. Shamsi alichukua nusu saa ileile kueleza kosa lake, hatua kwa hatua, bila kuficha chochote, na alipomaliza Dakta Longinus akashusha kioo chote.

"Yuko wapi huyo mama?"

Ernesta akaja, ananuka moshi.

"Mwakeye," Dakta akamsalimia kwa Kiha. Kumbe mama yake alikuwa wa Kasanda.

"Twakeye," Ernesta akajibu, na moyo ukapoa kidogo.

Dakta alishuka, akaingia bandani, akachagua vigogo kumi vilivyolingana urefu, akavifunga kila kimoja kwenye karatasi nene isiyoonyesha kitu, akavichanganya. "Nipangie," alisema. "Mashariki huku, magharibi kule."

Ernesta alinyanyua cha kwanza, akakiweka kushoto. Cha pili kulia. Hakuharakisha, hakusita. Cha saba alikishika muda mrefu kuliko vingine, akakirudisha katikati ya meza.

"Hiki si cha huku wala kule," alisema. "Ni kizito kuliko vya mashariki, chepesi kuliko vya magharibi. Sijui ni cha nani."

Dakta akafungua karatasi moja moja. Tisa vilikuwa mahali pake. Akafungua cha saba, akasoma namba. Kilikuwa kimetoka shimo la katikati, kwenye mpaka kabisa ambapo mwamba mgumu unakutana na ule wa matundu.

Hapo mtu asiyecheka akacheka. Alicheka akishika meza, na watu wakaangaliana wasijue kama inaruhusiwa, kisha Venanti akaangua, na banda zima likafuata.

"Kijana," Dakta alimwambia Shamsi alipotulia, "ningekuta ile milioni thelathini na sita na vipimo visivyo na nta, nisingeweka saini. Ningewarudisha mwanzo, mwaka mzima. Hii ya thelathini na mbili naiweza. Nipimie vipande arobaini vingine, hasa pale katikati, nami nasaini." Akatafuna kalamu. "Na mwambie mkurugenzi wako mwamba wenye matundu unasagika kirahisi. Mashine zitatumia umeme kidogo. Asilie sana."

Shamsi alipiga simu. Safari hii haikukatika. Mkurugenzi alisikiliza, akauliza maswali manne, akasema, "Basi sawa. Thelathini na mbili ya kweli." Kabla ya kuaga akauliza kama mbuzi wanapatikana tena huko.

Ripoti ilitoka mwezi wa nane, kitabu kinene cha Kiingereza chenye ramani za rangi. Nakala tano zililetwa kilimani. Shamsi akamfungulia Ernesta ukurasa wa sitini na moja, penye jedwali la vipimo vya uzito na majina ya waliovifanya. Ernesta alifuata mstari kwa kidole, akafika kwenye jina lake, akasimama.

"Hapa wameandika Ernest."

"Wamesahau herufi moja tu, mama."

"Herufi hiyo ndiyo mwanamke. Hapa amesimama mwanamume. Nani alichovya mawe, mwanamume?"

"Mama, zimeshachapwa nakala mia mbili..."

"Nipe hiyo simu."

Shamsi akampa, maana alikuwa amejifunza. Mkurugenzi alipopokea, Ernesta alimsalimia kwa heshima zote, akamuuliza hali ya nyumbani na ya watoto, akamshukuru kwa mbuzi. Kisha akamweleza kuhusu herufi.

"Mama Ernesta," mkurugenzi alisema, "una uhakika ni kosa moja tu? Hujakishika hicho kitabu mkononi ukasikia kingine?"

Ernesta alikinyanyua kitabu, akakipima kwa kiganja, akafikiri.

"Kurasa zimetosha," alisema. "Rekebisheni jina."

Wakarekebisha.